Maswali ya Wasomaji: Mchanga Ubaki Juu, Maji Yashuke Polepole

Safu hii imepokea barua nyingi kuhusu udongo na maji tangu mvua za vuli zilipoanza kupiga kandokando ya Ziwa Victoria, na si ajabu, kwa sababu kila aliyelima kwenye mtelemko ameiona sehemu ya shamba lake ikipita mbele ya macho yake kuelekea kwa jirani. Nimechagua barua saba. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya waandishi, kama ilivyo desturi yetu, hayachapishwi.

SWALI: Shikamoo, Bwana Shamba. Ninalima mahindi na pamba hapa Misungwi, kwenye luseni. Ekari iliyokuwa ikinipa magunia kumi na mawili ya mahindi sasa inanipa manne, na kiduha kimeota kila mahali. Misimu miwili nimeweka mbolea ya dukani bila kuona tofauti. Niambie mbolea ipi inafaa. Pia tunaambiwa tufunge matuta, lakini marehemu babu alisema hiyo ilikuwa kazi ya adhabu ya wakati wa Mwingereza. – Mkulima, Misungwi

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Swali la mbolea nitalijibu mwishoni, kwa kuwa kuna mambo yanayolitangulia, na ukiyaruka utaendelea kununua mifuko bila kuona faida yake.

Luseni unaijua kuliko mimi. Ni udongo wa kichanga uliotokana na matale yaliyosagika kwa muda mrefu mno, unaolimika kwa jembe la mkono hata mvua ya kwanza ikiwa kidogo, na ndiyo maana wazee waliupenda. Udhaifu wake utauona ukiupima. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tia udongo hadi theluthi, ongeza maji karibu ya kujaa na chembe chache za sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu kwa dakika tano, kisha iweke mahali ambapo watoto hawataigusa. Mchanga utatua chini kwa muda wa dakika moja hivi, chembe za kati zitachukua saa chache, na mfinyanzi utaendelea kuyatia maji ukungu hadi kesho yake au zaidi. Udongo wa luseni ukipimwa hivyo huonyesha tabaka nene la mchanga, na juu yake utepe wa mfinyanzi unaoweza kufunikwa kwa ukucha wa kidole gumba. Utepe huo, pamoja na mboji iliyobaki, ndio ghala lako lote la maji na chakula cha mimea. Ukimwaga mbolea ya chumvichumvi penye ghala dogo kiasi hicho, mvua mbili kubwa zinatosha kuiyeyusha naitrojeni na kuishusha chini, mahali ambapo mizizi ya mahindi haiifikii. Mbolea yako haikuwa mbovu. Haikuwa na mahali pa kukaa.

Kiduha nacho ni mwenzake umaskini wa udongo. Ule mmea wenye maua ya zambarau unaouona juu ya ardhi huwa umekwisha kufanya madhara kabla haujachomoza, maana mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele na kunyonya huko huko chini. Mche mmoja huzaa makumi elfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo huweza kulala udongoni kwa miaka zaidi ya kumi zikisubiri mizizi ya kuzifaa. Hapo ndipo pamba yako inapokuwa rafiki, kwa sababu mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha ilhali kiduha hakiwezi kuishi juu yake, hivyo mbegu huota na kufa. Kunde na karanga husaidia kwa njia hiyo hiyo. Acha basi kupanda mahindi juu ya mahindi, zungusha mazao, na king'oe kiduha kabla ya kutoa maua. Nimewahi kumwona mkulima mmoja aking'oa kiduha kilichokwisha kukauka na kukitupa kwenye lundo la samadi. Msimu uliofuata alikipanda upya shamba zima kwa mkono wake mwenyewe.

Ghala linaongezwa kwa samadi na mabaki ya mazao, hakuna njia ya mkato. Usukuma una ng'ombe wengi, na bado si jambo geni kukuta zizi lenye samadi ya kufika magotini likiwa hatua mia mbili kutoka kwenye shamba lenye mahindi ya manjano. Najua sababu, maana samadi ni nzito na mikokoteni ni michache, lakini hebu tufanye hesabu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari moja itakuwa na mashimo yapatayo 9,000. Ukitia nusu kilo katika kila shimo, badala ya kuitawanya shamba zima, utahitaji tani 4 na nusu. Na kama mkokoteni wako unabeba kilo 400, hizo ni safari 11 au 12. Ni kazi ya siku tatu au nne wakati wa kiangazi, kabla ng'ombe hawajadhoofu. Samadi iliyolala juani na kunyeshewa hupoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake, kwa hiyo ilundike chini ya kivuli, ifunike kwa nyasi, na uibebe ikiwa nyeusi na isiyonuka.

Sasa matuta. Babu yako hakukosea. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwalazimisha watu kwa sheria ndogo kufanya kazi za kuhifadhi ardhi na kupunguza mifugo, na asiyetii alitozwa faini. Watu waliikataa amri, na pamoja na amri wakaitupa kazi yenyewe, ingawa matuta yaliyofungwa yalikuwa yamejaribiwa na kuonekana yanafaa hapo hapo jirani yako, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara ambayo bado tunailipa: jambo jema lililoletwa kwa kiboko huchukua vizazi viwili kusafishwa jina. Matuta yenyewe si fumbo. Unayachora yakikata mtelemko, kisha katikati ya tuta na tuta unaweka kizuizi cha udongo kila baada ya mita mbili au tatu, ili mvua ikinyesha kila kijisanduku kibaki na maji yake mpaka ardhi iyanywe. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta kwa theluthi moja hivi. Maji yakizidi yapite juu ya kizuizi na kufuata mfereji, yasije yakavunja tuta na kuanzisha korongo. Na mwaka wa mvua nyingi mno, fungua baadhi ya vizuizi, kwa sababu mizizi ya mahindi iliyozama siku tatu hainyonyi chochote.

Ndipo tunafika dukani. Kabla ya kununua, pima udongo. Tembea shambani kwa kupindapinda kama nyoka, chota udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimeta 20, epuka kichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa takataka, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, na upeleke nusu kilo tu. Kwako TARI Ukiriguru, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iko karibu, na afisa ugani wa kata atakuelekeza utaratibu. Majibu yakionyesha fosforasi ni haba, mbolea ya DAP yenye asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti itakufaa wakati wa kupanda. Ya kukuzia, iwe UREA au CAN, igawe mara mbili, uiweke ardhi ikiwa na unyevu na uifukie, maana UREA iliyoachwa juu ya ardhi yenye joto hupotea hewani kama harufu. Majibu yakionyesha udongo umechachuka, fosforasi uliyoinunua itafungwa na udongo wenyewe, na hapo chokaa ya kilimo hutangulia mbolea.

SWALI: Nina majaluba matatu ya mpunga chini ya kilima huku Kwimba. Kila mvua kubwa mchanga unashuka kutoka mashamba ya juu na kufunika miche. Mwenye shamba la juu analima kwa plau kufuata mtelemko. Je, nimshtaki, au nichimbe mfereji maji yote yapite pembeni? – Mkulima wa mpunga, Kwimba

JIBU: Barua hii na iliyotangulia zingeweza kuwa zimeandikwa na majirani, maana mchanga unaokufukia ndio ule unaomwacha mwenzako bila ghala.

Mfereji wa kupitisha maji yote pembeni usiuchimbe. Majaluba yako, bila shaka, yapo kwenye itogoro, pale ambapo chini ya udongo wa juu kuna tabaka gumu lisilopitisha maji. Mvua inayoangukia ndani ya jaluba peke yake mara nyingi haitoshi kuufikisha mpunga kwenye kukomaa. Unaishi kwa maji yanayoteremka kutoka juu. Ukiyafukuza, utakuwa na jaluba safi, kavu na tupu. Unachotaka ni mchanga ubaki juu na maji yashuke polepole, na hilo haliwezekani bila yule jirani unayetaka kumshtaki. Nenda kwake kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na usiende mikono mitupu. Nenda na kipimo.

Kipimo chenyewe ni fremu yenye umbo la herufi A. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita mbili na robo hivi, zifunge pamoja juu, zitanue chini mpaka miguu iachane kwa mita mbili, kisha funga ufito wa tatu katikati ukikata zote mbili. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ifike chini kidogo ya ufito wa katikati. Simamisha fremu mahali, weka alama pale kamba inapogusa ufito, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo kukata mtelemko, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukizunguka, na kila kamba inapotulia katikati piga kigingi. Mtu anayeiona mara ya kwanza huduwaa, kwa sababu mstari wa vigingi hupinda kwa namna ambayo jicho lisingekubali. Plau ifuate mstari huo. Katika kila mistari michache acheni ukanda wa nyasi wa mita moja, mabingobingo au vetiva, na hapo ndipo pa kumshawishi jirani, kwa kuwa mabingobingo ni malisho ya ng'ombe wake wa plau mwezi wa Septemba, nyasi zinapokuwa zimekwisha. Wanaofahamu ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma, hawahitaji kufundishwa thamani ya majani yaliyotunzwa hadi kiangazi.

Upande wako, chimba shimo pana pale maji yanapoingilia jaluba la kwanza, mchanga utue humo, na ulizoe baada ya kila mvua kubwa. Mafundi ujenzi watakuja kuununua wenyewe. Njia ya maji kutoka jaluba moja hadi jingine iwekee mawe au matabaka ya nyasi. Na kama una kipande kwenye mbuga nyeusi huko chini zaidi, usikiache wazi baada ya mavuno: panda dengu kabla ardhi haijaanza kupasuka, kwani dengu hukua kwa unyevu uliobaki mfinyanzini na hazisubiri mvua nyingine.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Nyegezi. Darasani tumebishana kuhusu Siku ya Udongo Duniani. Je, ni kweli kwamba theluthi ya udongo wa dunia umekufa? Na sisi Tanzania tumechangia nini katika elimu ya udongo? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Desemba 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Desemba 5 kuwa Siku ya Udongo Duniani, na mwaka 2015 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Udongo. Tarehe hiyo ni ya kuzaliwa kwa Mfalme Bhumibol Adulyadej wa Thailand, aliyeipigania siku hii wakati wa uhai wake. Mwaka huo huo wa 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti kuhusu hali ya udongo duniani iliyoeleza kwamba karibu theluthi moja imeharibika kwa kiasi cha kati au kikubwa, kwa mmomonyoko, chumvi, kushindiliwa, kuchachuka na sumu. Kuharibika si kufa. Udongo mwingi kati ya huo unaweza kurudi, ila usitegemee kutengenezewa mwingine, kwa sababu sentimeta 2 au 3 za udongo huweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujijenga, ilhali mvua ya alasiri moja kwenye shamba tupu huweza kubeba kilichojengwa katika vizazi vingi.

Swali lako la pili limenifurahisha. Katikati ya miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki haueleweki ukichorwa kama viraka kwenye ramani. Unaeleweka ukifuatwa kutoka kileleni hadi bondeni, kila udongo ukishikana na wenzake kama pete za mnyororo. Akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na leo linafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Usukuma ni mojawapo ya mahali ambapo mnyororo huo unaonekana waziwazi, na wakulima walikuwa na jina kwa kila pete: luguru penye mawe juu, isanga na luseni kwenye mteremko, itogoro na ibambasi jembe linapogoma, mbuga chini kabisa. Mwambie mwalimu wako awapeleke kwa mguu kutoka kilima chochote cha Misungwi hadi bondeni, mkiwa na jembe na chupa tatu za plastiki. Mtajifunza zaidi kuliko kwa kukariri aya hii.

SWALI: Nyumba yangu iko mlimani Mabatini, katikati ya majabali. Mvua ikinyesha maji yanakuja kama mto, na msingi umeanza kubaki wazi. Fundi anasema nisakafie uwanja wote. Je, niko sahihi kusitasita? – Mama mwenye nyumba, Mwanza mjini

JIBU: Uko sahihi, mama. Uwanja uliosakafiwa haunywi hata tone, kwa hiyo maji yote utakuwa umemwongezea mwenzako wa chini, naye atasakafia wake, na mwishoni Mto Mirongo utapokea kwa mkupuo mmoja kile ambacho mlima ulipaswa kukinywa kwa siku mbili.

Anza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20, ambayo si mvua kubwa kwa Mwanza, hupokea lita 1,600, na hata ukipoteza sehemu ya tano umebaki na 1,280. Maana yake tangi la lita 1,000 litajaa na kumwagika kabla mvua haijakatika. Weka gata na tangi, lakini kabla hujalipa fundi muulize maji ya ziada yataelekea wapi, na asipokuwa na jibu tafuta mwingine. Yaelekeze kwenye mfereji uliotandikwa mawe, wenye vingazi vya kuyavunja kasi. Kwenye msingi rudisha udongo, ushindilie, kisha upande nyasi za kutambaa. Na yale mawe madogo yaliyobanana kati ya majabali yasiuzwe kwa wapasua kokoto, kwa sababu ndiyo yanayoushikilia mlima.

SWALI: Ninalima nyanya na mchicha kando ya ziwa, Kayenze. Nimeambiwa niondoke hadi mita 60 kutoka kwenye maji. Bustani yangu ni ndogo, sina kiwanda. Kosa langu liko wapi? – Mkulima wa bustani, Ilemela

JIBU: Nakuelewa, na sitajifanya kwamba mita 60 ni kitu kidogo kwa mtu mwenye robo ekari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Haitofautishi kiwanda na bustani kwa ukubwa wake, inatazama madhara.

Madhara yenyewe ni haya. Naitrojeni husafiri ikiwa imeyeyuka, lakini fosforasi husafiri zaidi ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo kila beseni la tope linaloteremka kutoka kwenye tuta lako la nyanya limebeba mbolea uliyoilipia. Ikifika ziwani huilisha mimea isiyotakiwa, yaani mwani wa kijani unaoyafanya maji yanuke na magugu maji yanayoziba mialo. Mwani ukifa na kuoza hula hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Ziwa letu ni pana sana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, na mto unaotoka ni mmoja, Nile, kule Jinja. Kinachoingia hukaa.

Ninachokushauri ni kwamba ukanda ulio karibu na maji uuache uote matete na mafunjo, ambayo huchuja tope bure. Bustani iwe juu ya hapo, kwenye vitalu vinavyokata mtelemko, yenye matandazo ya nyasi kavu, ukimwagilia jioni kwenye shina badala ya kufurika mfereji. Mbolea ifukiwe kidogo kidogo. Bomba la kupulizia dawa usilisuuze ziwani kamwe. Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu, hatua kumi kutoka mahali ambapo wanawake walikuwa wakichota maji ya kupikia. Ukinunua pampu kubwa, fika kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, hapa hapa Mwanza, uulize kuhusu kibali cha kutumia maji, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakitaka kwa matumizi yanayozidi ya nyumbani. Na kumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda likafunika nyumba na bustani za kando: waliokuwa wameacha nafasi walipoteza matete tu.

SWALI: Toleo lililopita ulisema majivu ya jikoni yanafaa shamba lolote. Mimi nalima kwenye ibushi, nikamwaga debe kumi, mahindi yakawa meupe kama karatasi. – Msomaji, Magu

JIBU: Kosa ni langu, na ninaomba radhi. Majivu hupunguza uchachu, hivyo yanafaa udongo uliochachuka. Ibushi ina chokaa yake tayari, utaiona kama vijiwe vyeupe ukichimba, na kuiongezea majivu ni kuyafunga madini ya chuma na zinki mimea isiyapate. Weka samadi iliyoiva, na majivu yako mpe jirani mwenye luseni.

SWALI: Mzee wetu hapa Ukara anasema zamani ng'ombe walilazwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, na kulishwa majani ya kukatiwa. Mimi nataka kujenga banda la kisasa. Je, kuchimba shimo ni kurudi nyuma? – Kijana, Ukara, Ukerewe

JIBU: Ndugu yangu mdogo, kisiwa chenu kiliandikwa na maafisa wa kilimo tangu miaka ya 1930, kwa sababu mlikuwa mmebanana kwenye udongo wa kichanga wa matale na bado mlikuwa mkivuna kila mwaka bila kuliacha shamba lipumzike. Kwingineko, kama Usukuma, mtu alihama shamba likichoka. Ninyi hamkuwa na pa kuhamia, basi mkajenga ngazi za mawe, mkatunza nyasi kando ya vijito, mkawalisha ng'ombe nyumbani, na kila kilichotoka nyuma ya ng'ombe mkakirudisha shambani. Katikati ya uwele mlipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, mkayafukia yangali mabichi ili yaupe udongo naitrojeni. Mambo ambayo leo yanafundishwa kwenye semina kwa jina la kilimo hifadhi, bibi zenu waliyafanya kwa sababu njaa ilikuwa mlangoni.

Kwa hiyo jenga banda lako nje, liwe na hewa, kwa afya ya watu na ya ng'ombe, lakini shimo usiliache. Nusu mita inatosha. Sakafu yake ishindiliwe mfinyanzi ili mkojo usipenye, kwa maana humo ndimo iliyomo sehemu kubwa ya naitrojeni. Tandaza majani kila siku, na paa lifunike lote, kwa sababu samadi iliyonyeshewa ni chai ya magugu maji. Zoa kabla ya mvua za vuli. Marejea yapande chini ya uwele baada ya palizi ya kwanza, na ng'ombe wasiyale, kwa kuwa aina nyingine zake zina sumu. Mbegu huenda mzee wako bado anazo kwenye kibuyu. Mwombe kabla hujapanda kivuko kwenda kuzitafuta dukani Nansio.